Msikiti wa Kizimkazi na Adabu za Mgeni

Mhariri wa jarida letu ameniomba niwaandikie wanafunzi wa sasa, ambao chama chao cha historia kinakusudia kuzuru Unguja, machache juu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Nadhani amenichagua mimi kwa sababu anajua niliwahi kufika huko mwaka 1976, nikiwa kidato cha tatu katika shule yetu hii, na anajua vilevile kwamba sikufika vizuri. Wenzangu wa kidato kile watakaosoma makala haya wataanza kucheka kabla sijafika kwenye kisa chenyewe. Nawaomba wavute subira, maana historia lazima itangulie.

Kizimkazi ni jina la vijiji viwili vilivyo kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja. Kimoja ni Mkunguni na cha pili ni Dimbani, na msikiti ninaouzungumzia uko Dimbani, karibu na ghuba ambamo wavuvi huegesha ngalawa zao. Mtu asiyeelezwa aweza kuupita asijue amepita nini. Kwa nje ni jengo dogo la kawaida, kuta zimepakwa chokaa, paa ni la bati, na kandokando yake yapo makaburi ya watu wa kale wanaoheshimiwa kijijini. Aghalabu neno la kwanza la mgeni huwa: "Ndio huu?"

Ndio huo. Ndani yake, katika ukuta wa kaskazini, ndipo ilipo mihrabu. (Sisi wa pwani hii Makka iko kaskazini yetu, ndiyo maana mihrabu za misikiti yetu zote zimejengwa upande huo. Mwanafunzi akiingia katika magofu yoyote ya pwani, aitafute mihrabu kwanza, naye atajua mara moja dira imelala vipi.) Kuzunguka mihrabu ile ya Dimbani kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa hati ya Kufi, herufi zake zikichipua majani na vikonyo kama mmea. Maandishi hayo yanaeleza kuwa ujenzi uliamriwa na Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad, na yanataja tarehe: mwezi mosi wa Dhulqaada, ambao sisi tunauita Mfungo Pili, mwaka 500 wa Hijria. Mwaka huo ni sawa na 1107 kwa hesabu ya Masihi.

Hebu tuipime tarehe hiyo. Vasco da Gama alipopita katika pwani yetu mwaka 1498, jiwe lile lilikuwa limekwisha kukaa miaka 391. Sayyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja katika karne ya 19, lilikuwa limepita miaka mia saba na zaidi. Zamani tulipokuwa darasani wapo waliodhani kwamba Uislamu wa visiwani uliletwa na masultani wa Omani, na mimi nilikuwa mmoja wao. Jiwe la Dimbani linalikanusha wazo hilo bila kuhitaji mwalimu.

Wataalamu wameyashughulikia maandishi haya kwa muda mrefu. Mwaka 1922 Samuel Flury alichapisha uchambuzi wake juu ya hati hiyo, na waliomfuata wameulinganisha mchongo wake na ule wa Siraf, bandari ya kale ya Ghuba ya Uajemi. Lakini jiwe lenyewe ni tumbawe la bahari yetu. Ni lile laini linalokatwa majini likiwa bichi. Fundi hulichonga kabla halijakauka, na likishapigwa na upepo na jua huwa gumu. Kwa hiyo, hata kama fundi alijifunza mkono wake mbali, kazi aliifanya hapa, kwa mali ya hapa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa wanafunzi walishike kuliko tarehe. Msikiti tunaouona leo si ule wa Sheikh Musa. Uchunguzi wa wanaakiolojia umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya katika karne ya 18, na yapo hata maandishi mengine ya wakati huo karibu na yale ya kwanza. Kilichobaki kutoka karne ya 12 ni kidogo: maandishi ya Kufi, nguzo mbili ndogo za mapambo, na vipande vingine vya mchongo.

Kuna watu ambao wakielezwa hivyo huvunjika moyo, kana kwamba wameuziwa kitu kilichoghushiwa. Mimi naona kinyume chake kabisa. Fikirini: ukuta umechakaa baada ya miaka zaidi ya mia sita, kijiji kinataka kuusimamisha upya, na mbele ya fundi kuna rundo la matumbawe. Mahali pengi duniani mawe ya kale yamesagwa yakawa kifusi, au yamechomwa yakawa chokaa. Watu wa Dimbani waliyaokota yale yaliyochongwa wakayarudisha mahali pake, yakielekea kule kule yalikokuwa yakielekea. Hapakuwa na Idara ya Mambo ya Kale ya kuwaamuru, wala hapakuwa na mtalii wa kuwalipa. Waliyahifadhi kwa sababu walikuwa wanasali hapo, na baba zao walisali hapo. Laiti wangeacha kusali, nani angeyatunza?

Si Dimbani peke yake. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta msikiti juu ya msikiti, ule wa mawe umekaa juu ya mingine iliyotangulia, na wa chini kabisa ulikuwa kijumba cha miti cha karne ya 8. Kila kizazi kilijenga palepale. Msikiti wa pwani ni kitu kinachotengenezwa na kutengenezwa tena, kama jahazi.

Mfano wa upande wa pili ni Kilwa Kisiwani, ambako baadhi yetu tumefika. Msikiti Mkuu wa Kilwa ni mkubwa na mzuri kuliko wa Dimbani mara nyingi. Ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukabomoka, ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za mawe na makuba ambayo mengine yamesimama hadi leo. Wareno waliushambulia mji mwaka 1505, biashara ikahama, na mji ukapungukiwa na watu kidogo kidogo. Leo ni magofu. Sehemu ya kaskazini, iliyo kongwe zaidi, haina paa. UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na ilibidi yakae katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004 hadi 2014. Fedha na wataalamu wa nchi kadhaa wametumika kushikilia kuta ambazo zamani zilishikiliwa na jamaa wa mtaa. Kule Kilwa mgeni huongozwa na mtu anayelinda magofu. Dimbani huongozwa na mtu atakayesali palepale jioni hiyo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tuingieje.

Na katika jambo hili la kuingia, tunaye mgeni mmoja wa kale wa kutuongoza. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alipita pwani hii mwaka 1331, akalala usiku mmoja Mombasa akielekea Kilwa. Usiku mmoja tu! Mtu mwingine angeandika juu ya kitoweo. Yeye aliandika kwamba misikiti ya Mombasa imejengwa kwa miti, na mlangoni pa kila msikiti kuna kisima kimoja au viwili, maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye kipande cha mkeka mzito kilichowekwa mlangoni. Alikuwa mwanachuoni, kadhi, mtu aliyekwisha kuhiji, lakini alisimama akatazama wenyeji wanaingiaje katika msikiti wao kabla hajaingia yeye. Mwanafunzi atakayezuru magofu ya pwani atazame vizuri penye birika la kutawadhia: mara nyingi atakuta jiwe gumu la kusugulia miguu. Ni desturi ileile aliyoiona Ibn Battuta.

Laiti mimi ningekuwa nimeyasoma hayo mwaka 1976.

Tulikuwa wanafunzi wapatao ishirini, na basi letu la kukodi lilipasuka gurudumu njiani, kwa hiyo tulifika Dimbani mchana umeinama. Mzee mmoja mwenye kanzu iliyofifia alitupokea barazani. Tulimwamkia, akatuitikia, akamwambia mwalimu wetu: "Karibuni sana, lakini alasiri imekwisha kukaribia. Subirini tusali, kisha nitawaonyesha." Wenzetu Waislamu wakaenda kutawadha. Sisi tuliobaki tukaambiwa tukae chini ya mti.

Mimi sikukaa. Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba Waingereza hunakili maandishi ya makanisa yao kwa kuweka karatasi juu na kuisugua kwa mkaa, nami nilikuwa nimebeba karatasi nyembamba na kipande cha mkaa tangu nyumbani, nikikusudia kurudi shuleni na ushahidi ambao hata mwalimu hana. Nikaona kwamba tukisubiri sala tutachelewa meli. Viatu nilivivua, la hasha siwezi kusingiziwa hilo, na nakumbuka nilijisifu moyoni kwa kuvivua. Nikaingia, nikakata katikati ya msikiti, nikapita mbele ya mtu aliyekuwa anasali sunna, nikajipenyeza hadi kwenye mihrabu, nikabandika karatasi yangu juu ya jina la Sheikh Musa, nikaanza kusugua.

Rafiki yangu ndiye aliyenivuta shati. Nilipogeuka niliona safu nzima ya wazee wamesimama wananitazama. Mkaa ukaniponyoka ukavunjika juu ya jamvi. Hakuna aliyenipigia kelele. Yule mzee alikuja akaishika karatasi kwa vidole viwili, akasema taratibu: "Toka kwanza, mwanangu. Tutazungumza baadaye."

Dakika zile chini ya mti zilikuwa ndefu kuliko mtihani wowote nilioufanya. Walipomaliza kusali aliniita, akanipa ufagio na kitambaa, akanionyesha jamvi. Nikafagia, wenzangu wakichungulia dirishani. Ukutani hakuniruhusu kugusa. Alilisafisha jiwe mwenyewe, kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu, akipangusa mchongo mmoja mmoja. Kisha akanionyesha upande wa pili wa karatasi yangu, ule uliokuwa umegusa ukuta. Ulikuwa na unga mweupe. Nilidhani nimechukua nakala ya maandishi, kumbe nilikuwa naondoka na jiwe lenyewe.

"Ulikuwa unataka nini?" akaniuliza.

"Maandishi, mzee."

"Basi ungeniuliza." Akalitaja jina la Sheikh Musa na la baba yake na la babu yake, na mwezi, na mwaka, mgongo wake ukiwa umeelekea ukutani. Akaongeza kwamba hati ile yeye mwenyewe haisomi, ni wachache waisomao, lakini amehifadhi maneno yake kama alivyohifadhishwa. Halafu akatusimulia habari za Mfalme Kizi na fundi wake aliyeitwa Kazi, ambazo wenyeji husema ndiyo asili ya jina la mahali pale. Meli hatukuikosa.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kosa langu halikuwa la kutojua kuvua viatu. Vitabu vingi vya wageni huanza na viatu na kuishia hapo. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kile chenye thamani mle ndani ni jiwe, na wale watu ni kizuizi kilichosimama kati yangu na jiwe. Kumbe bila wao jiwe lisingekuwapo.

Siku hizi hali ni ngumu kuliko wakati wetu. Tangu miaka ya 1990 Kizimkazi imekuwa mashuhuri kwa pomboo, na wageni hufika kila siku kupanda mashua kwenda kuwatazama. Wengine wakirudi pwani hupitia msikitini, nguo za kuogelea zingali zinachuruzika maji, simu mkononi. Si wabaya. Hawakuambiwa, na pengine aliyewaleta ana haraka ya kuwarudisha mjini. Lakini mahali pengine uvumilivu umekwisha kufika mwisho. Huko Djenné, nchini Mali, uko msikiti mkubwa wa udongo ulio mashuhuri duniani kote. Mwaka 1996 watu wa jarida moja la mitindo waliingia humo wakapiga picha za wasichana waliovaa mavazi yasiyositiri. Mji ulikasirika, na tangu hapo wasio Waislamu wakazuiwa kuingia. Wanafunzi wangapi wa historia, watu wazima wenye nia njema, wamefika mlangoni pale wakageuzwa kwa kosa la wengine! Jamaa wa Dimbani wakiamua vivyo hivyo siku moja, sioni nani atakayekuwa na haki ya kuwalaumu.

Kwa hiyo, vijana, haya ndiyo ninayowaomba. Mkifika, msielekee mlangoni, elekeeni kwa watu. Waamkieni, semeni mmetoka wapi, ulizeni kama inafaa kuingia na wakati gani. Mkijibiwa kuwa haifai, shukuruni mkatazame makaburi kwa nje na ghuba, maana si kila msikiti humkaribisha asiyesali, na kukataliwa si kutukanwa. Suruali na sketi ziwe ndefu, mabega yafunikwe. Siku zetu shule ilikuwa ya wavulana watupu, lakini sasa wamo dada zetu wa kidato cha tano na cha sita: wao wachukue mtandio, na waulize mapema, kwa kuwa misikiti mingi ya vijijini haina desturi ya wanawake kuingia ukumbi wa sala, ingawa kwa mgeni aliyeomba ruhusa wazee huenda wakaona vingine. Miguu ioshwe ikiwa ina mchanga. Anayesali asipitwe kwa mbele, hata kama inabidi kungoja au kuzunguka safu nzima. Ndani ya mihrabu asiingie mtu, hapo ni mahali pa imamu. Misahafu isiguswe. Mchongo usiguswe hata kwa ncha ya kidole, kwa kuwa jasho la mikono mia kwa siku hulila tumbawe taratibu kama mkaa wangu ulivyolila kwa haraka.

Kuhusu picha, ombeni kwanza, na mkiruhusiwa pigeni ukuta, si nyuso za watu. Wenzetu Waislamu nao wasijione wamesamehewa yote haya. Nimewaona kwa macho yangu, katika misikiti mikubwa ya nchi za watu, mahujaji wazima wakijipiga picha huku hotuba ya Ijumaa inaendelea. Ijumaa yenyewe, kwa kweli, iacheni kabisa kwa ajili ya ziara. Na mkitaka kutoa chochote, ulizeni kama lipo sanduku la msikiti, mtie humo. Msimsukumie mzee noti mkononi kama mnamlipa nauli.

Jambo la mwisho ni ratiba, na hili namwambia mwalimu wa historia zaidi ya wanafunzi. Basi liondoke mjini saa mbili asubuhi, siyo saa nne kama tulivyofanya sisi, ili mfike Dimbani katikati ya asubuhi, muda mrefu kabla ya adhuhuri. Mkichelewa kwa gurudumu au kwa lolote, msikimbizane na sala, kaeni chini ya mti mpaka waumini watoke, hata ikibidi kulala Unguja usiku wa pili. Pomboo waweza kuwatazama kesho yake. Na karatasi za kunakilia maandishi zibaki shuleni. Yangu ningali ninayo, na atakayetaka kuiona nitakuja nayo siku ya mkutano wetu.